Spika ya Upande wa Kina Mama

Nimetoboa kabati langu la vyombo upande usiofaa. Niseme mwenyewe kabla wanangu hawajawatangazia. Nilipata spika moja nzima ndani ya redio iliyokufa, nikaona ni ujinga kuitupa. Nikalitoa kabati barazani ili vumbi lisiingie ndani, nikachora duara kwa kisahani cha chai, nikakata kwa msumeno mdogo wa kuazima. Duara likatoka zuri, ungedhani ni kazi ya fundi. Kosa ni kwamba huko barazani nilipima nikiwa nimesimama nyuma ya kabati. Tulipolirudisha kwenye kona yake, tundu likaelekea ukutani. Kidato cha nne nilichomaliza hakikunifaa kitu. Spika inaimba, ndiyo, lakini inauimbia ukuta na mijusi, na mwanangu wa pili kila akipita husema, "Mama, ukuta unacheza."

Kabati si neno. Nilichotaka kuwaambia ni ile harufu. Plaiwudi ya zamani ikiguswa na msumeno hutoa harufu ya gundi kavu na vumbi lenye utamu kidogo, kama ndani ya sanduku la bibi. Iliponifika puani nikaketi palepale barazani na msumeno mapajani, mtu mzima mwenye wajukuu njiani. Mimi ni mtu wa nyumbani, mnanijua. Nikifika Songea tu naanza kuulizia gari la kurudi Mbinga. Lakini siku ile nilisafiri mbali bila nauli. Nilirudi Maguu, uani kwetu, nikapanda ndani ya Kombi ya Bruda.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ya ruksa. Jana duka lilikuwa na chumvi na mwenye duka tu. Kesho yake mitumba imening'inia hadi kwenye uzio wa shule, na vijana wanavaa saa zinazopiga muziki. Kahawa, ambayo tangu nipate akili ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, ikaanza kufuatwa hadi uani na watu waliokuja na mizani yao wenyewe. Msimu mmoja Baba akauza vizuri. Mama akamwagiza bati za kuezekea jiko. Baba akaenda mjini, na jioni tukasikia ngurumo inapanda mlima, inakohoa, inanyamaza, inaanza tena. Ilikuwa Kombi nyeupe iliyochakaa, yenye tumbo la rangi ya maziwa yaliyoungua.

"Nimemtuma bati," Mama akasema, "kaniletea chumba."

Na kweli ilikuwa chumba. Mwenyewe wa kwanza alikuwa bruda wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya kuzeeka, na alipokuja nayo zamani usukani wake ulikuwa kushoto kama kwao. Ndani, nyuma, kulikuwa na kitanda cha kukunja. Upande wa kushoto kulikuwa na sinki dogo na kabati la plaiwudi lenye vijishimo vya kusimamishia sahani. Madirishani, mapazia ya maua. Mlango mkubwa wa kuteleza ulikuwa kulia. Hapakuwa na redio. Watu walisema Bruda alipenda kusikia injini tu, na injini ile ilipenda kusikiwa. Bibi yangu, mama yake Baba, aliizunguka pole pole na fimbo yake, akagonga gurudumu, akauliza, "Nyumba yenye miguu. Sasa mwenyewe akifa, matanga mnakaa kituo gani?"

Baba hakununua gari ili akae nalo. Alilinunua kwa sababu ya Fausta.

Fausta alikuwa dada yangu mkubwa, na kusema dada ni kumpunguza. Mama alikuwa mtu wa shamba, anaondoka umande haujakauka. Mimi nilikua mgongoni kwa Fausta. Harufu ya kwanza ninayoikumbuka duniani ni shingo yake. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya parokia, yule anayeanza peke yake wengine wakafuata, na kabla ya kuanza alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi fupi kupitia puani, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Mimi nikisikia pumzi hiyo tu najua wimbo unakuja. Nililala kwa wimbo huo, nikanyolewa kwa wimbo huo, nikatolewa funza kwa wimbo huo.

Sasa Fausta alikuwa anaolewa Lituhi, chini ziwani. Mwalimu Edmund, Mwanyasa, Mwanglikana, mpole, aliyekuja kufundisha shule yetu akaona baridi yetu, akaona na Fausta. Padre aliridhia. Wazee waliridhia, kwa maneno. Sisi wa milimani tulisema watu wa ziwani wanaoga kupita kiasi na wanadhani samaki ni mboga ya kila siku. Wao walituita watu wa blanketi. Lakini jambo moja hakuna aliyelibishia: walijua kuimba. Harusi za kule, kwaya nzima husimama barabarani kumpokea bibi harusi, na upande wa bibi harusi hutakiwa kujibu.

Hapo ndipo Fausta alipogoma. Kwaya yetu haikuwa na usafiri. Kombi ingebeba watu wachache tu, na wengi wao wazee.

"Sishuki ziwani kimya," alimwambia Baba. "Nikifika kimya watasema nimeokotwa."

"Utaimbiwa," Baba akasema. "Kwaya itashuka na wewe. Nimesema."

Alikuwa na maana ya kaseti. Ilikuwepo moja, iliyorekodiwa kanisani kwetu kwa redio kubwa ya Padre yenye vipaza sauti viwili vya kunasia, kimoja kimewekwa walikokaa wanaume, kingine walikokaa wanawake. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametunga wimbo wa kumuaga Fausta, na Fausta mwenyewe aliuanzisha. Wanawake waliuliza, "Mlangoni ni nani?" na wanaume wakajibu, "Ni sisi, ni sisi!" Ukawa umekamatwa humo, wote. Baba akanunua Songea redio ya gari inayomeza kaseti, na spika mbili nyeusi za mviringo, akazileta zimefungwa kwenye shati lake la pili. Akamwita Fundi Gaudensi wa Mbinga mjini.

Fundi Gaudensi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio ambayo mimi niliamini yalikua hivyo kwa kazi. Alitandika gunia uani, akapanga keke yake ya kutobolea na msumeno na koleo, kisha akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Mzee, bati nikishalikata, nimekata," akamwambia Baba. "Sishoni. Kwa hiyo chagueni kwanza pa kuziweka. Mimi nakunywa chai."

Basi ikawa mkutano. Baba alitaka zote mbili zikae milango ya mbele, midomo ielekee nje, ili kuanzia Maguu hadi Lituhi hakuna mtu atakayesema hakusikia. Mama alisema kwanza apewe hesabu ya lile kabati la plaiwudi, maana alikwisha kupanga kulihamishia nyumbani kwa vikombe vyake, na asingependa kukuta kuna mtu anaimba humo. Jirani yetu Mama Otilia, aliyekuja kuazima moto na akasahau kurudi nao, alisema ziwekwe juu ya paa kama gari la kampeni. Huyu Mama Otilia mlango wake ulitazamana na wetu, na alikuwa mtu wa kusema kile ambacho wengine wanakimeza. "Mkiweka ndani," akasema, "mtakuwa mmewaimbia matako yenu."

Fundi alipendekeza chini ya kitanda cha nyuma. Sauti, alisema, hupenda mahali penye uvungu.

"Chini ya kitanda gani?" Bibi akauliza. Ilikuwa imeshakubaliwa kwamba kitandani angelala yeye njia nzima, kwa ajili ya kiuno.

"Hicho cha kwako, Bibi."

"Wanaume wa kwaya waimbe chini ya kitanda changu? Mimi mjane?"

Fundi akaweka kikombe chini. Alikuwa hajaliona jambo hilo.

Ili watu wasigombee hewa, akaunganisha waya ndefu, akaziacha spika chini uani, moja huku moja kule, akaweka kaseti. Tukangoja. Ikavuma kidogo kama mvua iliyo mbali, kisha nikasikia pumzi ile fupi ya puani, na Fausta akaanza. Fausta wa kweli alikuwa amesimama nyuma yangu na ungo wa maharage. Wa pili alikuwa anaimba chini, kwenye spika iliyokuwa karibu na banda la mbuzi. Wanawake wakauliza mlangoni ni nani. Na wanaume wakajibu kutoka spika nyingine kabisa, kule kwenye mgomba.

Bibi akainua fimbo. "Simamisha hiyo."

Fundi akasimamisha.

"Mbona kina mama wako upande wa Yosefu?"

Ninyi mliokulia makanisa ya milimani sina haja ya kuwaeleza. Ukiingia, kushoto ni kina mama, chini ya sanamu ya Bikira Maria. Kulia ni kina baba, chini ya Mtakatifu Yosefu. Mtu na mkewe waliokuja wameshikana mikono wanaachana mlangoni kama hawajuani. Sijawahi kuona mtu akikosea ila mlevi. Na sasa, ukisimama umeelekea kama pua ya Kombi, spika ya wanawake ilikuwa kulia na ya wanaume kushoto. Baba alivua kofia. Fundi, ambaye ndiye alikuwa mtaalamu na angeweza kutuambia waya ni waya, alisema kwa sauti ya kuomba radhi, "Kweli, Bibi, sikuangalia," akazibeba akazipishanisha uani, kama waumini waliokosea benchi.

Kuanzia hapo hakukuwa tena na spika mbili. Kulikuwa na ya kike na ya kiume. Na jambo likawa gumu mara mbili, kwa sababu kila mahali pa kuziweka palibidi pawe panafaa kwa sauti na pawe na heshima. Usukani ukiwa kushoto, Baba mwenyewe angekaa upande wa kina mama njia nzima, na Bibi alimwambia asizoee.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kujaribu, maana nilienea kila mahali. Nililazwa kitandani nijifanye Bibi. Nilikunjwa kwenye kiti cha mbele nijifanye bwana harusi. Niliingizwa kwenye kabati, nikafungiwa, na Fundi akauliza kutoka nje, "Sesi, unasikiaje?" Nilikuwa nasikia harufu ya plaiwudi na sabuni ya Bruda. Nikajibu, "Vizuri, ila kuna giza."

Lakini katika kujaribu huko niligundua jambo langu peke yangu. Niliweka kiganja kwenye karatasi ile nyeusi ya spika ya kike wakati kaseti inaimba, na karatasi ikapumua. Ilipanda na kushuka kama kifua. Na kabla ya Fausta kuanza ubeti, ilitulia kidogo, ikavuta. Pumzi ile ile. Niligeuza spika nikachungulia nyuma: sumaku, nyaya, na giza dogo. Giza hilo lilinitosha. Kina mama wote wa kwaya walikuwa humo, na Fausta mbele yao. Sikuona ajabu kwamba alikuwa pia uani na ungo. Kristo mwenyewe, tulifundishwa, yuko mahali pengi. Ajabu ilikuwa kwamba hakuna mtu mwingine aliyeona maana yake. Fausta mmoja angeolewa, sawa, nilikwisha kuambiwa nisilie. Lakini huyu mwingine hakuolewa. Huyu angeweza kubaki.

Kwa hiyo Baba aliposema, "Haya, ya kina mama ipigwe skrubu hapa ukutani, ya wanaume kule, tumalize," na Fundi akashika keke, nilipiga magoti nikaifunika spika kwa tumbo.

"Ya wanaume fungeni," nikasema. "Hii isifungwe."

"Kwa nini, Sesi?"

"Fausta akienda, hii inabaki na mimi."

Mama Otilia ndiye aliyeanza kucheka, kisha Fundi. Baba alijitahidi. "Mwanangu, harusi ya wanaume watupu? Tutawaambia nini watu wa Lituhi?" Mama hakucheka. Aligeuka akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Fausta aliweka ungo chini, akaninyanyua mimi na spika yangu, akatuingiza kwenye Kombi, akauvuta ule mlango wa kuteleza hadi ukagonga. Tukawa wawili kwenye mwanga wa mapazia ya maua.

"Humu ndani kuna nani?" akaniuliza.

"Wewe."

Aliweka sikio kwenye spika, ambayo wakati huo ilikuwa kimya. Alisikiliza kwa heshima. Watu wengine wangenieleza habari za umeme. "Basi huyu nitamhitaji siku moja tu," akasema. "Anisindikize. Nikishashuka, yeye anarudi na wewe. Nitamwambia mwenyewe."

"Na asipotaka?"

"Mimi namjua. Ni mtu wa nyumbani."

Alifungua mlango akamwambia Fundi kwamba ya kina mama itakaa kwenye kabati la Bruda, upande wa kushoto, ndani ya kasha lake dogo linalotoka na kuingia, na mdomo wake utobolewe kwenye mlango wa kabati. Isipigwe skrubu. Ya wanaume ikafungwe mbele kulia, chini, kwa skrubu zote wanazotaka. Fundi akasema kasha bila skrubu litatetema njiani. Fausta akasema, "Litatetema, lakini litarudi." Mama akalitazama kabati lake la vikombe kwa mara ya mwisho, akasema, "Kata." Msumeno ukaingia kwenye plaiwudi, na ndiyo harufu niliyowaambia.

Ndoa ilifungwa kwetu asubuhi. Mama hakushuka na sisi. Alisema mama anayemfuata mwanawe kwa wakwe anakwenda kupekua sufuria, akabaki na wageni. Baba alikaa usukanini, upande wa kina mama. Edmund, bwana harusi, alikaa kulia kwake, na spika ya wanaume ikimwimbia magotini mpaka suruali ikawa inapepea. Nyuma, Bibi kitandani. Fausta kwenye benchi na shela lake, macho chini. Mama Otilia, shangazi, na mimi karibu na kabati, kiganja kwenye tundu la spika.

Sitaki kuwachosha na barabara ile. Ilikuwa kiangazi, vumbi lilipita hata kwenye kufuli. Milima ilitutema pole pole, sweta zikavuliwa, Bibi akaanza kulalamika kwamba hewa ya huku imeshatumika. Kaseti iliimba, ikageuzwa, ikaimba tena, na kila kijiji watoto walikimbia nasi, na Baba akawa anapunguza mwendo pasipo na sababu. Halafu kwenye kona moja nikaliona ziwa. Niliona bati. Nilidhani ni bati jipya, limetandazwa kuanzia chini yetu hadi mwisho wa dunia, na nikafikiri, Mama angeliona hili.

Tulipokuwa tunaingia Lituhi, kwenye mashimo ya mwisho, karatasi chini ya kiganja changu iliacha kupumua.

Sikusema. Nilidhani wamepumzika.

Walikuwa wamejipanga barabarani kama alivyohofia Fausta: kwaya nzima kwa kanzu nyeupe na watu nyuma yao hadi kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wao. Waliimba. Jamani, waliimba, sauti nne zikapandana, hata Bibi akakaa kitako. Walipomaliza wakanyamaza, wakaikodolea macho Kombi. Zamu yetu. Baba akarudisha kaseti mwanzo, akazungusha kitufe hadi mwisho, akafungua vioo vyote.

Kukawa na mvumo. Kisha, kwa nguvu zote, kutoka magotini kwa bwana harusi: "Ni sisi, ni sisi!"

Kimya. Mvumo. "Ni sisi, ni sisi!"

Nyaya za nyuma ya kabati zilikuwa zimechomoka. Wanaume wa parokia yetu walikuwa wanajibu swali ambalo hakuna aliyewauliza. Shangazi yake Edmund, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano, akasogea dirishani akashika kiuno. "Ninyi akina nani?" akauliza. Watu wakaanza kucheka. "Edmund, baba," akaendelea, "umetuletea mke au umetuletea jeshi?"

"Ni sisi, ni sisi!" ikajibu spika, na Lituhi nzima ikapasuka.

Baba alikuwa anabonyeza kila kitu chenye umbo la kitufe. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyeusi zaidi. Edmund alikuwa anacheka na anaona haya ya kucheka. Mimi nilimtazama Fausta. Nikajua hiki ndicho alichokiogopa: afike, na watu wa kwao wasisikike.

Ninyi mnajua bibi harusi wa enzi zile. Hakucheka, hakuinua macho, alikwenda kama anayesindikiza jeneza lake mwenyewe, na aliyetabasamu alisemwa mpaka mtoto wake wa tatu. Kuimba ndiyo kabisa. Lakini nilisikia pumzi ile fupi, ya puani, ya kukanyaga maji baridi. Haikutoka kwenye kabati.

"Fausta," Bibi akanong'ona, "wewe ni bibi harusi!"

Fausta akafunua shela, akatoa kichwa dirishani, akaimba, "Mlangoni ni nani?" na wanaume wakampokea palepale, "Ni sisi, ni sisi!" kama waliokuwa wanamngoja tangu Maguu. Alipoanza mara ya pili, shangazi yetu aliingia. Mama Otilia aliingia pia, bila kuangalia ufunguo wowote wa muziki uliopata kutungwa. Mara ya tatu nikasikia sauti nyembamba, kavu, ya zamani sana, inatoka kitandani. Bibi alikuwa amefumba macho, labda ili asimwone anayeimba. Nilimfungulia mlango ule wa kuteleza mimi mwenyewe, sauti zikamwagika nje. Yule shangazi wa kitambaa cha njano aliacha kushika kiuno. Akapiga kigelegele kirefu, na kwaya yao ikadaka wimbo wetu bila kuujua, ikajaza kila nafasi iliyokuwa wazi.

Nilifungua kabati nikachungulia. Spika ilikuwa imetulia. Nikaelewa: wametoka. Wameona mambo ni mabaya, wametoka wote wakaingia garini kusaidia. Nilifurahi sana, na furaha hiyo ilikwenda mpaka mahali fulani ikagonga kitu. Kama Fausta ametoka humu na kuimba kule, basi Fausta ni mmoja tu. Na huyo mmoja alikuwa anashuka.

Kurudi tulirudi kesho yake, benchi likiwa na nafasi. Kasha nililipakata. Baba alisema barabara ni mbaya, akafuta macho kwa ajili ya vumbi, na mimi nikamwacha na vumbi lake.

Fundi Gaudensi alikuja akaunga nyaya kwa dakika chache, akakataa hata chai, kwa aibu nadhani. Baba akaisogeza Kombi karibu na dirisha la sebule, waya ukapitishwa dirishani, na spika ya kina mama ikawekwa mezani kwetu, juu ya kitambaa cha kufuma. Ya wanaume ilibaki garini kwa skrubu zake, ikawa inajibu kutoka nje, kama kawaida ya wanaume kwenye shughuli. Nikaweka kiganja. Karatasi ikavuta pumzi.

Alikuwemo. Nilijua sasa kwamba hayumo, na alikuwemo. Ni hali ambayo sijaweza kuieleza vizuri hata leo, ila haikuniuma kama nilivyodhani. Ilikuwa kama kukalia kiti ambacho mtu ameamka sasa hivi, bado kina joto. Nikawa nakaa hapo alasiri zote, sebuleni, na milango wazi, na kijua cha kiangazi kimeingia hadi miguuni kwangu. Anayepita barabarani nilimwita aje amsikie Fausta. Wengi waliingia, wakasikiliza, wakanishika kichwa, wakasema maneno mazuri.

Siku moja aliingia Mama Otilia. Alikaa. Alisikiliza upande mzima wa kaseti, mikono mapajani, mpaka nikadhani analia. Kaseti ilipoishia akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akanitazama.

"Anaimba vizuri, nimemsikia," akasema. "Sasa mama yako yuko huko bondeni peke yake anachota maji na ndoo mbili, na mgongo wake ule. Utakwenda, au tumtume spika?"